Sahihi ni Sahihi

Karatasi ilivuka mto Lhubiriha kifuani mwa Mbambu,
ndani ya mfuko wa sukari uliokunjwa mara tatu,
maana mvua ya Mpondwe haiulizi
umebeba nini.

Mimi ni mfasiri, korti ya Kasese.
Meza yangu iko barazani, kati ya mwenye fotokopi
na mama wa chapati. Miaka kumi na tisa
nageuza Kifaransa cha ng'ambo
kuwa Kiingereza cha hakimu,
na njiani kila neno
hupitia Kiswahili kichwani mwangu, likanywa maji.

Cheti cha kifo. Butembo. Namba 0417.
Marehemu: Kambale Syahuka, mchuuzi wa kahawa.

Kitambulisho chake cha Uganda kinasema Bwambale.
Mtoto wa pili wa kiume, kwa mama yeyote wa mlima huu:
upande huu Bwambale, upande ule Kambale.
Mto unajua.
Faili haijui.

Wakili wa shemeji akainuka, koti likinuka pasi.
"Mheshimiwa, mteja wangu anasema kaka yake yu hai,
amemwachia shamba alitunze.
Na karatasi hii ni ya nchi nyingine. Nani aliiona ikiandikwa?
Mhuri kama huu huchongwa kwenye kandambili
pale stendi, chai haijapoa."

Ni kweli. Nimewahi kuushika mhuri wa kandambili.
Ulipendeza kuliko wa serikali.
Wa serikali siku zote umekauka wino upande mmoja.

Mbambu akasema: "Nilimwosha mwenyewe.
Nilimfunga kidevu kwa leso yangu ya kijani."

Hakimu akaweka kalamu chini.
"Mama, mimi nakuamini.
Ila kuamini kwangu hakuna namba ya kumbukumbu."

Kisha akamwelekeza, taratibu, kama mtu aonyeshaye njia usiku:
karani wa Butembo akiri kuwa mkono ni wake,
mkubwa wake akiri kuwa karani ni wake,
wizara Kinshasa imkiri mkubwa,
ubalozi wetu uikiri wizara.
Kila mmoja amjue aliyemtangulia,
na asiwepo hata mmoja
wa kuulizwa kama mtu amekufa.

Miezi saba. Mbuzi wawili, kisha wa tatu
aliyekuwa na mimba.
Shemeji akavuna kahawa msimu mzima.

Karatasi ikarudi imenenepa,
mihuri mitano, utepe, pini yenye kutu.
Nikavaa miwani nikaifasiri mihuri,
maana mhuri nao ni maneno, nao hulipiwa.
*Imeonwa kwa kuthibitisha sahihi,
bila kuthibitisha yaliyomo.*
Nikaandika hivyo mara tano.
Ya tano mkono ulikuwa mzito.

"Wanasemaje?" Mbambu akauliza,
ameegemea nguzo, chapati mkononi haijaumwa.

"Wanasema sahihi ni sahihi."

"Na Bwambale?"

Mwenye fotokopi akazima mashine ili asikie.

"Bwambale hawamtaji."

Alhamisi ile nikashika Biblia
nikaapa kuwa Kambale na Bwambale ni mtu mmoja.
Sikuwahi kumwona hata siku moja.
Niliapa kwa lugha, si kwa mtu:
kwa mama yake, aliyezaa mvulana wa pili
na kumwita kama mlima ulivyomwagiza.

Ikapokelewa. Kielelezo cha tatu.
Karani akaitoboa matundu mawili pembeni,
tundu moja likapita katikati ya neno *amefariki*,
akaifungia kwenye faili, faili ikaenda kabatini.
Wakili wa shemeji alikuwa ameshashika simu.

Mbambu akabaki amesimama mbele ya meza ya karani.
Korti nzima ikadhani hajaelewa kuwa ameshinda.

"Mfuko wangu," akasema.
"Ule wa sukari."

Akapewa.
Akaukunja mara tatu, mtupu,
akaurudisha kifuani.